Barua ya wazi kwa waliochapisha sura yangu kuhusu Rășinari

Kwa: Mkurugenzi Mtendaji na Mhariri Mkuu,
Kampuni ya uchapishaji (jina nalihifadhi; mnajijua),
Dar es Salaam.

YAH: SURA YA SABA, NA JINA LANGU LILILOBAKI JUU YAKE

Ndugu Mkurugenzi, Ndugu Mhariri,

Salaam. Naandika hadharani kwa shingo upande. Barua ya kwanza niliileta mwenyewe ofisini kwenu mwezi Machi, katibu muhtasi akaigonga muhuri mbele yangu. Ya pili niliituma kwa barua pepe mwezi Mei. Julai nikamwandikia Mhariri kwenye simu. Tiki mbili zikageuka buluu, kisha kimya. Agosti nikapiga, nikaambiwa, "Mzee, suala lako linashughulikiwa." Sasa nasikia toleo la pili limeshapelekwa kiwandani, sura ya saba ikiwa vilevile. Hilo ndilo lililonitoa ndani.

Kwa msomaji asiyejua kisa: kampuni hii ilitoa kitabu cha ziada kwa vijana wa sekondari, kuhusu vijiji vidogo vya duniani vilivyotoa watu mashuhuri. Mimi niliombwa niandike kuhusu Rășinari, kijiji cha wafugaji wa kondoo chini ya milima ya Cindrel, kilomita kama 12 kusini ya mji wa Sibiu, nchini Romania. Nilisoma misitu Brașov miaka ya 1980, enzi za utawala wa kikomunisti wa Ceaușescu, na mwenzangu mmoja darasani alikuwa na bibi yake Rășinari. Likizo fupi tulikuwa tunapanda kitramu pale Sibiu, kinakata msitu wa Dumbrava, kinatushusha kijijini tukiwa na mkate tuliopangia foleni tangu alfajiri, maana kwenda kwa bibi wa mtu mikono mitupu ni aibu hata Ulaya.

Niliandika kurasa 12. Zimetoka 4. Kupunguzwa sikulalamikii, mhariri ana mkasi wake, na ndiyo kazi yake. Nalalamikia mahali mkasi ulipopita, mlichopachika kwenye matobo, na jina langu kubaki juu ya kitu ambacho si changu tena. Hoja zangu ni hizi.

1. Octavian Goga.

Mmeandika: "Mshairi mzalendo aliyepanda hadi kuwa Waziri Mkuu." Nukta. Mkahamia mtu mwingine.

Mimi niliandika hivi, kwa ufupi. Goga alizaliwa Rășinari tarehe 1 Aprili 1881, mtoto wa kasisi wa Kiorthodoksi. Wakati huo kijiji kilikuwa chini ya utawala wa Hungaria, na Waromania wa Transylvania, jimbo lenye kijiji hicho, walikuwa watu wa daraja la chini katika ardhi yao wenyewe. Mwaka 1905 alitoa diwani yake ya kwanza, na wakulima wakajisikia ndani yake: jembe, jasho, kilio cha watu wasio na msemaji. Serikali ya Hungaria ikamfunga gerezani Szeged kwa maandishi yake. Hadi hapo ni kijana wa kijijini wa kuigwa, na hadi hapo ndipo mlipoishia.

Mwishoni mwa Desemba 1937 Mfalme Carol II alimpa Goga uwaziri mkuu, ingawa chama chake, alichokiongoza pamoja na mwanasiasa mwenzake A. C. Cuza, kilipata asilimia 9 na kidogo tu ya kura. Serikali hiyo ilidumu siku 44. Katika siku hizo 44 ilifunga magazeti, na mwezi Januari 1938 ikatoa amri ya kuukagua upya uraia wa Wayahudi. Watu waliozaliwa pale, ambao baba zao walizikwa pale, walitakiwa wathibitishe kwa hati kwamba ni wa pale. Zaidi ya Wayahudi 225,000 walivuliwa uraia. Goga mwenyewe alikufa Mei mwaka huohuo, na amri yake ikabaki ikitembea bila yeye.

Mlichofuta ni aya hiyo. Mkaacha "Waziri Mkuu" kama medali kifuani, bila kumwambia mtoto kazi hiyo ilifanyiwa nini. Na ndipo palipokuwa na jambo la kumfundisha: mtu aliyefungwa na serikali iliyomwona mgeni kwao, alipopata kalamu ya serikali yeye mwenyewe, aliwafanya wengine wageni kwao. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kusafiri mbali kuelewa hati ya uraia inaweza kumfanya nini mtu. Aulize Waasia wa Uganda wa mwaka 1972.

Nina sababu ya pili ya kuliona hili kwa uchungu, nayo ni yangu binafsi. Mwaka wangu wa kwanza kule, mwaka wa kujifunza lugha, tulikaririshwa beti za Goga. Mimi nilizipenda, mpaka leo nazijua kwa moyo. Siku moja nikamwuliza mwalimu, baada ya Transylvania kuungana na Romania mwaka 1918, huyu mshairi alifanya nini? Mwalimu akafunga daftari la mahudhurio. "Alikufa," akasema. Ilinichukua zaidi ya miaka kumi kujua kwamba kati ya 1918 na kifo chake palikuwa na mambo. Nilidanganywa kwa kunyamaziwa, na dola iliyokuwa na sababu zake. Nyinyi mmenifanya mimi niwe yule mwalimu. Watoto wa Morogoro na Mombasa watafunga kitabu wakiamini mimi, niliyekuwa nikijua, nimewaambia "alikufa".

2. Emil Cioran.

Hapa sikujua nilie au nicheke. Nilicheka, mke wangu akaja kuchungulia. Chini ya picha yake mmeandika: "Usikate tamaa! Kijana wa kijijini aliyefika Paris." Ndugu Mhariri, kitabu cha kwanza cha Cioran, mwandishi na mwanafalsafa, cha mwaka 1934, kina neno la kukata tamaa juu ya jalada. Mtu huyu alikesha miaka na miaka kwa kukosa usingizi, akaandika kwamba kuzaliwa kwenyewe ni hasara. Kumgeuza mhamasishaji ni sawa na kumwajiri mchimba kaburi awe mshereheshaji wa harusi.

Na mchimba kaburi alikuwemo kwenye sura yangu. Cioran alizaliwa Rășinari tarehe 8 Aprili 1911, naye mtoto wa kasisi, na amesimulia mwenyewe kwamba utotoni alikuwa rafiki wa mchimba makaburi wa kijijini, na kwamba walicheza mpira kwa mafuvu yaliyofukuliwa. Niliiandika kwa makini, kwa sababu hapo ndipo unapoona kijana anayekuja kuandika aliyoandika alitokea wapi. Mmeifuta kwa kuwa "inatisha". Alipofikisha miaka 10 alipelekwa shule mjini Sibiu, na safari ile fupi ya gari la farasi hakuisahau hadi uzeeni. Aliiita kufukuzwa peponi. Juu ya kijiji kuna mteremko unaitwa Coasta Boacii, na akiwa Paris, mtu mzima mwenye jina, aliandika akijiuliza alifaidika nini kuondoka pale. Nimepanda mteremko huo. Kuna nyasi, kondoo, upepo, na mapaa mekundu ya nyumba chini. Swali lake linaeleweka.

Kilichofutwa kizito zaidi ni miaka ya 1930. Cioran alikwenda Berlin kusoma, akawa anatuma nyumbani makala za kumsifu Hitler. Mwaka 1936 akatoa kitabu kuhusu hatima ya Romania chenye kurasa za chuki dhidi ya Wayahudi. Mwaka 1940 alisoma redioni sifa za Codreanu, kiongozi wa Walinzi wa Chuma, kundi la kifashisti lililoua watu. Hayo yote yako wazi, hayahitaji upelelezi. Nami sikuishia hapo, kwa sababu mtu si ukurasa mmoja: mwaka 1944, Paris ikiwa mikononi mwa Wajerumani, Cioran na wenzake wachache walihangaika kumtoa kizuizini Benjamin Fondane, mshairi Myahudi kutoka Romania. Fondane alikataa kutoka bila dada yake. Wakauawa katika kambi ya Auschwitz. Hilo nalo mmelifuta, kwa hiyo hata mema yake hayakupona kwenye mkasi wenu.

Mnaweza kuniambia hata Cioran mwenyewe alijikata. Ni kweli. Mwaka 1990, kitabu kile cha 1936 kilipochapishwa upya Romania, aliondoa kurasa, zikiwemo zile za Wayahudi. Lakini aliandika pale mbele kwamba ameondoa kurasa alizoziona za majivuno na za kipumbavu. Msomaji akajua pana shimo. Nyinyi mmefukia na kupanda maua.

Bibi wa mwenzangu alimtaja Cioran mara moja tu mbele yangu. Kwanza aliongeza sauti ya redio, maana miaka ile kuta zilikuwa na masikio. Kisha akasema, "Yule mtoto wa kasisi, yule wa Paris," akarudi kwenye sufuria yake. Sentensi hiyo mmeiacha! Lakini mmeondoa redio.

3. Maneno mliyoyasahihisha yakiwa sahihi.

Niliandika "mtoto wa kasisi". Mkabadilisha, mara mbili, kuwa "mtoto wa mchungaji". Sasa hicho ni kijiji cha kondoo! Wafugaji wake walikuwa wakiswaga makundi yao majira ya baridi mpaka tambarare za Danube na Dobruja, wengine hadi Crimea. Msomaji akikuta "mtoto wa mchungaji" ndani ya habari hiyo, atajuaje ni mchungaji wa kanisani au wa zizini? Tofauti hiyo si ndogo. Nyumba ya kasisi ilikuwa na vitabu, na ndiyo maana watoto wake waliandika. Mamake Goga mwenyewe alikuwa mwalimu. Mtoto wa zizini, hata awe na kipaji gani, alikwenda Dobruja.

Niliandika pia kwamba chakula cha pale ni ugali wa mahindi ya njano, wanauita mămăligă. Bibi aliumwaga juu ya ubao, akauacha utulie kidogo, akachukua uzi mweupe wa kushonea, akaushika ncha mbili na kuupitisha chini ya ugali kuja juu. Kipande kikajitenga bila hata chembe kubaki kwenye uzi. Akanipa na jibini ya kondoo iliyoshindiliwa kwenye ngozi. Mimi, mbali na nyumbani kilomita elfu kadhaa, nikala ugali. Mmeandika "keki ya mahindi". Nani kawatuma?

Jina la kijiji mmeliandika "Rasinari" kila mahali. Mkasema alama hizo hazipo kwenye kompyuta ya mpangaji kurasa. Zipo. Lile ș husomwa kama sh yetu, na neno lenyewe linatokana na ulimbo wa misonobari. Kuliacha hivyo ni kama kuandika ng'ombe bila ritifaa halafu kumwambia msomaji atajijua.

4. Andrei Șaguna, na "kuzaliwa Romania".

Mmemworodhesha kama mzaliwa wa Rășinari. Șaguna alizaliwa Miskolc, Hungaria, mwanzoni mwa mwaka 1809 kwa kalenda ya sasa, katika familia ya Kiaromania (Waaromania ni jamii ya Balkani yenye lugha jamaa ya Kiromania). Alikuja Sibiu mtu mzima, akawa askofu kisha Mitropoliti, yaani askofu mkuu, wa Waorthodoksi wa Transylvania, akaanzisha gazeti mwaka 1853, akawa rais wa kwanza wa jumuiya ya utamaduni ya ASTRA mwaka 1861. Rășinari ni mahali alipozikwa, mwaka 1873. Kanisa lake lilimtangaza mtakatifu mwaka 2011. Niliandika "amezikwa"; mkaandika "amezaliwa", labda kwa sababu ukurasa ulikuwa na safu moja tu ya "mahali pa kuzaliwa" na lazima ijazwe.

Goga na Cioran nao hawakuzaliwa "Romania". Mwaka 1881 na 1911 Rășinari ilikuwa Austria-Hungaria. Babu yangu alizaliwa nchi yetu ikiwa ya Mjerumani, na angekushangaa ukimwambia amezaliwa Tanzania. Mambo haya sisi ndio tulitakiwa kuyaelewa haraka kuliko watu wengine.

5. Jalada.

Ngome ya Bran, ile inayohusishwa na hadithi za Dracula mnyonya damu, na popo. Bran iko karibu na Brașov kwa upande mwingine kabisa, na hakuna mtu yeyote wa sura ya saba anayehusika na popo. Sina zaidi.

Najua mtakayojibu, kwa sababu mengine nimeshayasikia kwenye simu.

Mtasema kitabu ni cha vijana. Vijana hao wa kidato cha tatu wanafundishwa biashara ya utumwa, wanafundishwa Maji Maji, wanafundishwa Hitler kwenye somo la historia. Mnaamini wanaweza kubeba Hitler lakini hawawezi kubeba mwandishi aliyemsifu?

Mtasema nafasi ilikuwa ndogo. Kichwa cha "Usikate tamaa!" na mchoro wa ndege anayeruka vimekula nusu ukurasa. Aya mbili ninazozidai zina maneno 160. Nimezihesabu.

Mtasema marehemu hasemwi. Hiyo ni adabu ya msibani, nami naiheshimu; nimekaa kwenye majamvi ya kutosha. Kitabu cha shule si tanga. Na kama marehemu hasemwi, basi hao 225,000 nao wamekufa karibu wote, mbona wao ndio walionyamaziwa?

Mtasema Romania ni mbali, nani atajua. Hili lilisemwa na mtu wenu kwa sauti ya urafiki kabisa, na ndilo lililoniudhi kuliko yote. Ukiandika uongo kuhusu Bagamoyo utapigiwa simu kabla ya saa nne asubuhi. Kuhusu Rășinari hakuna atakayekupigia. Kwa hiyo palihitajika uangalifu zaidi, maana mwandishi alikuwa ndiye mlinzi pekee, na mlinzi mwenyewe mmemfungia nje.

Na mtasema mlitaka kumwonyesha mtoto wa kijijini kwamba naye anaweza. Hapo tuko pamoja, na ndiyo maana nilikubali kazi. Mimi ni mtoto wa kijijini. Lakini kijiji hicho kimoja, chenye kanisa lilelile na ugali uleule, kilitoa mshairi aliyewalilia wakulima na waziri mkuu aliyewavua watu uraia, na wakawa mtu mmoja. Kilitoa pia familia ya Barcianu, makasisi na walimu waliotunga kamusi ya Kiromania na Kijerumani, ambao hakuna anayewapiga picha. Mtoto akiyapata yote hayo atachagua mwenyewe afanane na nani. Mkimpa orodha ya mashujaa, mmeshamchagulia.

Ninachoomba ni hiki:

(a) Toleo la pili lisimame hadi sura ya saba irekebishwe.

(b) Aya ya serikali ya Goga na aya ya miaka ya 1930 ya Cioran zirudi, pamoja na makosa ya hoja ya 3 na ya 4 kusahihishwa. Nafasi ikigoma, ondoeni ndege.

(c) Kama (b) haiwezekani, ondoeni jina langu. Si kwenye sura tu, hata kwenye orodha ya waandishi nyuma.

(d) Nakala zilizoko shuleni zifuatwe na karatasi ya masahihisho. Ukurasa mmoja unatosha. Nitauandika bure.

(e) Nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 21. Simu sitapokea.

Ujira wangu nililipwa wote na kwa wakati, na hilo nalisema wazi ili mtu asidhani natafuta nyongeza. Mswada wa kurasa 12, wenye muhuri wenu wa kupokea, ninao. Nimetoa vivuli.

Wenu katika kazi ya vitabu,

Mwandishi wa sura ya saba, ile ya kurasa 12

Nakala: Walimu watatu wa Kiswahili na Historia walioniandikia kuniuliza kwa nini Cioran anaitwa mhamasishaji, na mwenzangu wa Brașov, ambaye atahitaji mtu wa kumtafsiria.